Mkae Isigeuke Make: Kuipa Kompyuta Lugha Unayoiandika

Fungua ukurasa mtupu katika Word, andika "Tunaomba mkae kimya", na ukishamaliza neno la pili ubonyeze kitufe cha nafasi, kisha utulie kidogo. Likibaki "mkae", hali ni njema. Likigeuka "make" mbele ya macho yako, programu inaamini kwamba unaandika Kiingereza na kidole kimekuteleza. Jaribu na sentensi ya pili: "Nyumba i wapi?" Ile "i" ikipanda ikawa "I", ujue ni yale yale.

Hiyo si hitilafu. Ndani ya Word mna orodha ya masahihisho ya Kiingereza, kushoto neno lililokosewa na kulia neno sahihi. "Teh" huwa "the", "adn" huwa "and", "mkae" huwa "make". Huduma hii ilianza na Word 6.0 mwaka 1993, na waliotunga orodha walikuwa wakiwaza vidole vya wapiga chapa wa Kiingereza. Anayeandika Kiingereza hushukuru. Anayeandika tangazo la mkutano wa wazazi, na kuwaomba wazazi mkae kwenye madawati ya mbele, hugundua kosa tangazo likiwa limeshabandikwa ukutani.

Wengi wakichoka na mambo haya huzima masahihisho yote. Ninawaelewa, ila nadhani wanapoteza chombo kizuri bila sababu. Wengine hurudi nyuma kila mara kurekebisha kwa mkono, na hao wanachosha macho yao bure. Dawa ni kuiambia programu kwamba unaandika Kiswahili, na kuiambia mahali inapopatazama. Mahali penyewe si pale ambapo watu hupadhania.

Lugha hukaa kwenye maandishi

Kompyuta moja ina lugha tatu, nazo huchanganywa sana. Ipo lugha ya menyu, yaani maneno unayoyaona kwenye vitufe na madirisha. Ipo lugha ya kibodi, inayoonekana kwa kifupisho kama ENG karibu na saa chini ya skrini ya Windows. Na ipo lugha ya maandishi yenyewe, ambayo Word huiita "Proofing Language". Unaweza kuwa na menyu za Kiingereza, kibodi ya Kifaransa na maandishi ya Kiswahili, na mambo yakaenda vizuri kabisa. Masahihisho hufuata ile ya tatu. Ndiyo maana mtu anaweza kubadili menyu zote za kompyuta zikawa za Kiswahili na bado "mkae" ikageuka.

Lugha hiyo ya tatu haiko kwenye faili zima. Hubandikwa kwenye kila kipande cha maandishi, kama vile wino mzito au mlalo unavyowekwa kwenye neno moja na kuachwa kwenye jingine. Aya moja inaweza kuwa na sentensi ya Kiswahili, nukuu ya Kiingereza na jina la kitabu cha Kiarabu, kila kimoja na lebo yake. Weka kishale ndani ya neno lolote na utazame mstari wa chini kabisa wa dirisha la Word: utasoma lugha ya neno hilo. Usipoiona, bofya mstari huo kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uweke tiki kwenye "Language". Ukisoma "English (United States)" juu ya maandishi yako ya Kiswahili, umeshampata mchawi.

Kwa faili ambalo tayari limeandikwa, bonyeza Ctrl+A kuteua yote, nenda kwenye kichupo cha "Review", bofya "Language", kisha "Set Proofing Language". Kitafute Kiswahili chini ya K; kikikosekana, tazama chini ya S. Pembeni ya baadhi ya lugha kuna alama ndogo ya ABC yenye tiki. Alama hiyo ina maana kwamba kikagua tahajia cha lugha hiyo kimo kwenye mashine yako. Kiswahili kisipokuwa nayo, usikate tamaa. Bado inafaa kukiteua, kwa sababu lebo pekee inatosha kuiondoa orodha ya Kiingereza njiani.

Chini ya dirisha hilo kuna visanduku viwili. Cha "Detect language automatically" kiondolee tiki. Kazi yake ni kukisia lugha kwa kutazama sentensi, na makisio hayo huyumba pale mwandishi anapochanganya, jambo ambalo waandishi wa Nairobi na Dar es Salaam hulifanya kila siku bila kujiuliza. Sentensi ya Kiswahili yenye majina ya kampuni na istilahi tatu za benki yaweza kuhesabiwa kuwa Kiingereza. Kisanduku cha "Do not check spelling or grammar" nacho kikague, kwa maana faili lililopita mikono mingi mara nyingi huwa nacho kimewashwa sehemu fulani, na mwandishi hudhani maandishi yake hayana kosa kwa sababu tu hakuna mstari mwekundu.

Ctrl+A nayo ina upungufu. Haifiki kwenye tanbihi, wala kwenye maandishi ya juu na chini ya ukurasa, wala kwenye visanduku vya maandishi. Mwanafunzi wa uzamili mwenye tanbihi mia mbili hubadili lugha ya tasnifu nzima, akaridhika, na tanbihi zote zikabaki na Kiingereza. Bofya ndani ya tanbihi yoyote moja, kisha ubonyeze Ctrl+A ukiwa humo humo. Safari hii itateua tanbihi zote, nawe urudie hatua zile zile.

Kwa mafaili yajayo kuna njia ya kudumu zaidi. Kitufe cha "Set As Default" katika dirisha lile lile huifanya lugha uliyoteua iwe ya kuanzia katika kila faili jipya. Ukipenda kujua kinachofanyika kwa ndani, lugha huandikwa kwenye mtindo unaoitwa "Normal", ambao mitindo mingi ya vichwa na aya huurithi. Kwa hiyo mwenye kiolezo cha ofisi, chenye nembo na anwani juu, akibadilishe kiolezo chenyewe: bofya mtindo wa "Normal" kwa kitufe cha kulia, chagua "Modify", halafu "Format", halafu "Language". Fundi mmoja akifanya hivyo mara moja, ofisi nzima inapumua.

Kwa nini inarudi Kiingereza?

Hili ndilo swali linalowasumbua wengi. Umeweka Kiswahili, umefurahi, umeandika aya mbili, na kumbe aya ya pili imeshapewa lebo ya Kiingereza. Mara nyingi chanzo ni kibodi. Word ya Windows hutazama kibodi iliyowashwa na kudhani kwamba unachoandika ni lugha ya kibodi hiyo. Kibodi ikiwa ya Kiingereza cha Marekani, maandishi mapya huweza kupewa lebo ya Marekani hata kama aya iliyotangulia ni ya Kiswahili.

Nenda kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya "Time & language", kisha "Language & region", na uongeze Kiswahili. Usiogope kwamba herufi zitahama. Kibodi inayokuja na Kiswahili hufuata mpangilio ule ule wa Kiingereza cha Marekani uliouzoea; kinachobadilika ni jina ambalo Windows inalipeleka kwa Word. Baada ya hapo shikilia kitufe chenye nembo ya Windows ukibonyeza kitufe cha nafasi, na utaruka kutoka lugha moja hadi nyingine. Anayeandika barua za Kiingereza asubuhi na habari za Kiswahili mchana atajikuta amezoea baada ya muda mfupi.

Chanzo kingine ni kubandika. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka barua pepe au faili la mtu mwingine huja na lebo zake. Ukiyabandika katikati ya aya yako kisha ukaendelea kuandika hapo hapo, unaandika ndani ya lebo ya mgeni. Unapobandika, chagua "Keep Text Only", nayo yatachukua sura na lugha ya mahali yalipofikia.

Vipi kuhusu maneno ya Kiingereza ndani ya Kiswahili chako? Nukuu ndefu, aya nzima ya sheria au anwani ya kitabu, ipe lebo ya Kiingereza, kwa sababu hapo utafaidi ukaguzi wake. Neno moja moja liache. Kulizungushia lebo kila neno la kigeni ni kazi isiyokwisha.

Orodha ya Kiswahili ni juu yako

Fungua "File", "Options", "Proofing", halafu "AutoCorrect Options". Tazama jina la dirisha lenyewe juu kabisa: baada ya neno "AutoCorrect" huandikwa jina la lugha. Orodha unayoiona ni ya lugha hiyo tu. Kila lugha ina yake, na Word hukufungulia ile ya mahali kishale kilipokuwa. Hapa ndipo juhudi nyingi hupotelea. Mtu hufungua dirisha kishale kikiwa kwenye maandishi yenye lebo ya Kiingereza, akaongeza maneno yake ya Kiswahili kumi, akafunga, kisha akashangaa kwamba hayafanyi kazi katika aya za Kiswahili. Weka kishale ndani ya Kiswahili kwanza, ndipo ufungue.

Orodha hizo hukaa kwenye mafaili madogo ambayo majina yake huanza na MSO, kisha namba ya lugha, na kuishia na acl. Kiingereza cha Marekani ni 1033, cha Uingereza 2057, Kifaransa cha Ufaransa 1036, Kiswahili 1089. Yatafute kwenye folda ya "AppData" ya akaunti yako, ndani ya "Microsoft" na "Office". Ukishajenga orodha nzuri, nakili faili lako la Kiswahili na ulitunze, maana kompyuta ikiibwa au ikipigwa upya, hiyo ndiyo kazi usiyotaka kuianza tena. Excel, PowerPoint na Outlook huisoma orodha hiyo hiyo.

Utie nini ndani yake? Anza na makosa unayoyafanya wewe, si yanayofanywa na watu wa vitabuni. Maneno yanayounganishwa kimakosa ni ya kwanza: "kwasababu" iwe "kwa sababu", "kwahiyo" iwe "kwa hiyo", "kwamfano" iwe "kwa mfano". Kisha maneno yenye ritifaa ambayo vidole huiruka: "ngombe" iwe "ng'ombe", "ngambo" iwe "ng'ambo". Kisha majina marefu unayoyaandika kila siku. Mwandishi wa habari za bunge anaweza kuandika herufi nne na kupata jina kamili la wizara.

Kanuni ya kuijenga ni moja, nayo haina msamaha: upande wa kushoto pasikae kamwe neno linaloweza kuwa sahihi mahali pengine. Inaonekana rahisi mpaka ujaribu. Utashawishika kutia "kua" iwe "kuwa", kwa sababu kosa hilo limejaa kila mahali; lakini "kua" ni kitenzi kizima, na siku utakapoandika "Kua uyaone" kompyuta itakuharibia. Utataka "ngoa" iwe "ng'oa", na neno "ngoa" lipo, wanalijua wanaolia ngoa. Utataka "ngara" iwe "ng'ara", na hapo wilaya ya Ngara mkoani Kagera itageuka Ng'ara kila ikitajwa, pamoja na mtaa wa Ngara jijini Nairobi, kwa maana jozi iliyoandikwa kwa herufi ndogo huligusa pia neno lililoanza kwa herufi kubwa. Jozi yenye shaka iache nje. Kosa linalobaki kwenye ukurasa unaweza kuliona unaposoma tena. Neno sahihi lililogeuzwa kimyakimya hupita.

Ukiwa kwenye dirisha hilo, shuka chini na uondoe tiki kwenye "Automatically use suggestions from the spelling checker". Chaguo hili huiruhusu Word kuchukua pendekezo la kikagua tahajia na kuliweka bila kukuuliza. Kwa lugha yenye vitenzi kama vyetu, ni kumkabidhi mgeni kalamu nyekundu.

Jozi nyingine ni ya kuudhi kwa namna yake. Word hugeuza herufi c iliyo ndani ya mabano kuwa alama ya hakimiliki. Mwalimu anayetunga mtihani wenye vipengele (a), (b) na (c) huikuta kwenye kila swali. Bonyeza Ctrl+Z mara tu inapogeuka, au ifute kabisa kwenye orodha ikiwa huna haja nayo.

Kuna pia kanuni ya kuanza sentensi kwa herufi kubwa. Word huona nukta na nafasi, basi hudhani sentensi imekwisha. Kwa vifupisho vya Kiingereza imeandaliwa orodha ya kuvistahi, lakini "taz." na "mf." haivijui. Utaandika "mf. maembe" nayo ikupe "mf. Maembe". Bofya "Exceptions" katika dirisha lile lile, kichupo cha "First Letter", na uongeze vifupisho unavyovitumia: taz., mf., n.k., k.v., k.m. Cha "n.k." kifikirie mara mbili. Hicho hupenda kukaa mwishoni mwa sentensi, na ukikitia, sentensi inayofuata itabidi uianze kwa herufi kubwa mwenyewe. Mimi ningekiacha nje.

Ritifaa, na alama za mtajo zinazotoka Ufaransa

Word huzipindisha alama nyoofu. Ritifaa inapofuata herufi, huipindia upande unaofaa, kwa hiyo "ng’ombe" na "ng’ambo" hutoka vizuri bila wewe kufanya lolote. Matatizo huanza ritifaa inapokaa mwanzoni mwa neno. Washairi wa Mombasa na Lamu hudondosha silabi ya kwanza kutimiza mizani, wakaandika ’mekuja badala ya nimekuja. Word huona alama baada ya nafasi tupu, hudhani nukuu inafunguliwa, nayo huipindia upande mwingine: ‘mekuja. Katika diwani nzima makosa hayo huwa mamia, na mhariri asiye na jicho la ritifaa huyapitisha yote. Shikilia Ctrl na ubonyeze ritifaa, achia, kisha bonyeza ritifaa tena. Itatoka ile iliyopinda sawasawa. Ctrl+Z nayo hufaa hapa, kwa sababu hubatilisha mpindo peke yake na kukuachia alama nyoofu.

Ukiamua kutumia iliyopinda, itumie kitabu kizima. Ile inayoandikwa kwenye simu mara nyingi ni nyoofu, na kwa baadhi ya programu nyoofu na iliyopinda ni herufi mbili tofauti. Faharasa inaweza kuwatenganisha ng'ombe hao na ng’ombe wale.

Lugha ikiwa Kifaransa, mambo huenda mbali zaidi. Mtu anayeandika Kiswahili Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura, kwenye kompyuta iliyowekewa Kifaransa, ataona alama zake za mtajo zikigeuka « hivi », na kabla ya nuktapacha, nuktamkato, kiulizi na alama ya mshangao Word itachomeka nafasi isiyokatika. Kwa Kifaransa huo ndio uandishi safi. Mswada ukifika kwa mchapishaji wa Dar es Salaam au Nairobi, mpangaji kurasa atahangaika kuziondoa. Tena kubadili lebo baadaye hakuzifuti, kwa kuwa ni herufi zilizokwisha kuandikwa. Lebo huongoza kile kitakachoandikwa kuanzia hapo. Tumia kutafuta na kubadilisha: kwenye kisanduku cha kutafuta andika ^s ikifuatwa na alama husika, kwenye cha kubadilisha andika alama peke yake. ^s ni jina la nafasi isiyokatika ndani ya Word.

Ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari nao hufuata lebo. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu: nyu-mba, wa-na-fu-nzi. Kanuni za Kiingereza zinaweza kukukatia "nyum-ba", na magazeti yenye safu nyembamba ndiyo huonyesha aibu hiyo zaidi. Jambo jingine halionekani kwa macho kabisa. Programu zinazowasomea wasioona hutazama lebo ya lugha kuchagua sauti. Ripoti ya Kiswahili yenye lebo ya Kiingereza husomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji huambulia vipande.

LibreOffice, Google Docs na simu

LibreOffice imepanga jambo hili vizuri kuliko Word, kwa maoni yangu. Katika dirisha lake la "AutoCorrect Options", chini ya "Tools", lugha ya orodha unaichagua mwenyewe juu ya dirisha, kwa hiyo huwezi kuongeza neno kwenye orodha usiyoikusudia. Kuna pia orodha ya lugha zote, iandikwayo "[All]". Lugha ya kuanzia huwekwa "Tools", "Options", sehemu ya lugha, na lugha ya kipande chochote hubadilishwa kwa kubofya jina lake kwenye mstari wa chini. LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili yenye lebo ya Tanzania. Kwenye Windows huenda ukalazimika kuichagua wakati wa kusakinisha. Wakenya wasione haya kuiteua, kwani tahajia sanifu ni moja. Programu iliyoitangulia LibreOffice, yaani OpenOffice, iliwahi kupata toleo la Kiswahili mwaka 2004, Jambo OpenOffice, kupitia mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Katika Google Docs lugha ni ya faili zima: "File", kisha "Language". Orodha ya mabadilisho, iliyo chini ya "Tools" na "Preferences", haijagawanywa kwa lugha, hivyo unachokitia humo kitafuata Kiswahili chako na Kiingereza chako pia. Anayeandika lugha zote mbili heri azime "Automatically correct spelling".

Kwenye simu masahihisho hutoka kwenye kibodi ya simu, hata ukiwa ndani ya Word. Ongeza Kiswahili kwenye mipangilio ya kibodi hiyo, basi.

Mstari mwekundu na mambo usiyoweza kuyaweka kwenye mipangilio

Hata lebo ikiwa sahihi na kamusi ikiwepo, utaona mistari myekundu chini ya maneno yasiyo na kosa. Kitenzi kimoja cha Kiswahili huzaa maumbo mengi mno: walipotuandikia, asiyewasikiliza, tutakapokutana. Kamusi iliyojengwa kwa kuorodhesha maneno haiwezi kuyafikia yote. Kwa hiyo mstari mwekundu usiuchukulie kuwa hukumu, na kitufe cha "Change All" usikiguse kwa haraka. Watumishi wa Umoja wa Ulaya, NATO na Umoja wa Mataifa waliwahi kukigusa, au kubofya pendekezo la kwanza, nyakati ambapo baadhi ya kamusi za tahajia zilijua "co-operation" yenye kistari tu. Walioandika "cooperation" walipendekezewa "Cupertino", mji wa California yaliko makao ya Apple. Hadi leo zipo nyaraka rasmi zinazozungumzia Cupertino baina ya mataifa.

Upande wa pili ni makosa ambayo hayatawekewa mstari kamwe. "Kura" na "kula" yote ni maneno sahihi, na kikagua tahajia hakijui kwamba taarifa ya uchaguzi iliyosema wananchi wana haki ya kula imesema jingine. LibreOffice ina njia ya kujikinga: chini ya "Writing Aids" unda kamusi mpya, uiwekee tiki ya "Exception", na uitie "kula". Kuanzia hapo kila "kula" itapigiwa mstari nawe uitazame moja moja. Kazi ya uchaguzi ikiisha, izime, usije ukaandika kitabu cha mapishi chenye mistari kila ukurasa. Wenye matatizo ya r na l, au ya kudondosha h, wanaweza kuijaza kamusi hiyo kwa jozi zao.

Kabla ya kumpelekea mhariri au mchapishaji faili la Word, fanya ukaguzi wa mwisho wa lebo. Fungua dirisha la kutafuta na kubadilisha kwa Ctrl+H, bofya "More", acha kisanduku cha maneno kitupu, bofya "Format", kisha "Language", na uchague Kiingereza cha Marekani. Kishale kikiwa kwenye kisanduku cha pili, fanya vivyo hivyo ukichagua Kiswahili. Word itaruka hadi kila kipande chenye lebo ya Kiingereza, tanbihi zikiwemo. Nukuu halisi za Kiingereza ziruke kwa "Find Next". Zilizobaki zibadilishe moja moja kwa "Replace". Rudia kwa Kiingereza cha Uingereza, maana hicho kina lebo yake peke yake, na kwa Kifaransa ikiwa mswada umetoka upande huo.